Ahadi ni deni: Jinsi ya kupima karata kabla ya kufungua mnada wa briji

Na MWANDISHI WETU

JUMAMOSI alasiri, malori ya mawe yanapopungua katika Barabara ya Kangundo na vumbi la machimbo kutulia, karata huanza kuonekana katika veranda na vibanda vya Njiru. Vijana hucheza kadi, mchezo ambao takriban kila mkazi wa mitaa ya Eastlands aliujua tangu utotoni. Mbili na tatu humlazimu anayefuata kuokota, ghulamu humruka mchezaji, mfalme hugeuza mwendo, naye aliyebakiza hatua moja ya kumaliza hutangaza, "Niko kadi!"

Katika veranda moja, hata hivyo, watu wanne huketi kimya. Hawaokoti karata wala hawashindani kuzimaliza. Kila mmoja hushika karata kumi na tatu, huzitazama kwa muda, kisha husema maneno mawili au matatu tu: "Moja shupaza." "Napita." "Mbili kopa." Huo ni mchezo wa briji, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wa hao wanne.

Briji uliingia nchini wakati wa ukoloni pamoja na maafisa na walowezi wa Kiingereza. Kwa miaka mingi ulichezwa katika vilabu ambamo Mwafrika aliingia kama mhudumu wa kubeba sinia. Leo haudai klabu wala ada. Unadai pakiti moja ya karata, watu wanne, na uwezo wa kujibu swali moja ambalo huwatatiza wanaoanza kuliko mengine yote: je, mkono huu nilioupata unatosha kuufungua mnada, au nipite?

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa.

MCHEZO KWA UFUPI

Wachezaji wanne hujigawa katika jozi mbili, na wenza hutazamana kutoka pande mbili za meza. Karata zote 52 hugawanywa, kila mtu akapata 13. Mchezaji mmoja hutoa karata, wengine watatu hufuata kwa zamu, na aliyetoa kubwa kuliko zote huzila zote nne. Hiyo ndiyo duru moja. Duru ziko 13 kwa jumla. Ni lazima mchezaji afuate aina iliyotolewa kama anayo; asipokuwa nayo anaweza kukata kwa turufu.

Majina ya aina hizo wenyeji wa pwani waliyarithi kwa Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498: shupaza, kopa, uru na pau. Vijana wa mtaani huita uru dayamondi na pau maua. Maneno "karata" na "turufu" nayo yana asili hiyo hiyo ya Kireno. Karata kubwa kuliko zote katika kila aina ni ree, kisha mfalme, malkia, ghulamu na kumi.

Kabla ya karata ya kwanza kutolewa, hufanyika mnada. Kila jozi hunadi idadi ya duru inazodhani itakula, zaidi ya sita za mwanzo, na aina itakayokuwa turufu. Anayesema "moja kopa" anaahidi duru saba, kopa zikiwa turufu. Anayesema "nne shupaza" anaahidi duru kumi. Ngazi ya aina katika mnada huanzia pau, ikapanda hadi uru, kopa, shupaza, na kileleni huwa "bila turufu". Dau la mwisho ndilo mkataba. Jozi iliyolinadi ikitimiza ahadi hupata pointi. Isipotimiza, pointi huenda kwa wapinzani.

Mfumo huu wa mkataba ulibuniwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama. Kabla yake, jozi ilihesabiwa duru zote ilizokula, hata zile ambazo haikuthubutu kuzinadi. Vanderbilt aliamua kwamba zawadi kubwa zitolewe kwa zile tu zilizoahidiwa. Tangu siku hiyo, kupima mkono kabla ya kufungua kinywa kukawa ndio moyo wa briji.

KUHESABU POINTI

Njia inayotumika kote duniani ni rahisi mno. Kila ree ni pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, na ghulamu moja. Karata nyingine hazihesabiwi. Njia hii ilienezwa na Milton Work wa Philadelphia katika miaka ya 1920. Ilishindana kwa muda na mtindo wa Ely Culbertson wa kuhesabu duru za haraka, uliotawala miaka ya 1930, kisha ikawa ya wote baada ya Charles Goren, naye wa Philadelphia, kuchapisha kitabu chake kuihusu mwaka 1949.

Kila aina ina pointi 10, hivyo pakiti nzima ina 40. Zikigawanywa kwa watu wanne, wastani ni 10 kwa kila mkono. Mkono wa kufungua mnada huanzia pointi 12 au 13, yaani wastani pamoja na malkia mmoja au mfalme mmoja juu yake. Mikono yenye pointi 12 au zaidi ni takriban 35 katika kila 100, kwa hivyo mchezaji hutarajia kupata mmoja katika kila migao mitatu.

Kwa nini 12? Kwa sababu jozi inahitaji takriban pointi 25 kwa pamoja ili kula duru tisa bila turufu, au duru kumi zenye kopa au shupaza kama turufu. Mikataba hiyo huleta zawadi kubwa. Ikiwa mfunguzi ana 12 na mwenza wake ana 13, hesabu imetimia. Wakiwa na 33 kwa pamoja hulenga duru 12, na wakiwa na 37 hulenga zote 13.

Kwa hivyo neno la kwanza la mnada ni ujumbe kwa mtu mmoja hasa, aliyeketi upande wa pili wa meza. Linamwambia, "Mimi ninayo haya, ukiwa na yako, twende." Mwenza ataipanga safari yote akitegemea neno hilo.

POINTI ZINAPODANGANYA

Laiti pointi zingetosha, makala haya yangeishia hapa. Lakini pointi si duru. Ian Fleming, katika riwaya yake ya James Bond iitwayo Moonraker (1955), alitumia fumbo la zamani la karata kuonyesha jambo hili. Tajiri mmoja anashika mkono uliojaa ree na wafalme, anajiona ameshashinda, kisha Bond anakula duru zote 13 mbele yake. Karata za tajiri zilikuwa kubwa, ila zilikuwa mahali pasipofaa.

Mezani petu Njiru somo hili liligharimu zaidi ya pointi. Katika wiki za kwanza za kujifunza, mwandishi alipata mkono huu:

Mkono wa kwanza
Shupaza: mfalme, ghulamu, 4
Kopa: malkia, 7, 3
Uru: malkia, ghulamu, 5
Pau: mfalme, 8, 6, 2

Hesabu ilitoa pointi 12 kamili. Aliufungua kwa "moja pau" bila kusita. Mwenza wake, mwalimu mstaafu mwenye pointi 13, aliamini alichoambiwa, akaupeleka mkataba hadi "tatu bila turufu", na jozi ikakosa duru tatu. Mwalimu alizikusanya karata polepole, kisha akauliza, "Mzee, ulinialika karamuni ilhali sufuria zote ni tupu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mkono ule hauna ree hata moja. Umbo lake ni tambarare kabisa: aina tatu za karata tatu tatu na moja ya nne, hivyo hakuna urefu wa kuzalisha duru za ziada wala ufupi wa kukata kwa turufu. Malkia na ghulamu zake zimetawanyika, na kila mmoja anamsubiri mwenza amwokoe.

Linganisha na mkono huu:

Mkono wa pili
Shupaza: ree, ghulamu, 10, 8, 5
Kopa: mfalme, malkia, 10, 9, 4
Uru: 6
Pau: 7, 3

Huu una pointi 10 tu, wastani mtupu. Hata hivyo, wachezaji wengi stadi wataufungua kwa "moja shupaza" bila wasiwasi. Ni kwa nini mkono maskini ufunguliwe, na tajiri aambiwe apite? Kuna vipimo vinne vinavyojibu.

KIPIMO CHA KWANZA: KANUNI YA ISHIRINI

Kanuni hii ilienezwa na Mmarekani Marty Bergen. Chukua pointi zako, ongeza idadi ya karata katika aina yako ndefu kuliko zote, kisha ongeza idadi ya aina inayofuata kwa urefu. Jumla ikifika 20, fungua. Isipofika, pita.

Mkono wa kwanza: 12, jumlisha 4, jumlisha 3, ni 19. Haujafika.

Mkono wa pili: 10, jumlisha 5, jumlisha 5, ni 20. Umefika.

Mantiki yake ni nyepesi. Aina ndefu huzaa duru hata kwa karata ndogo. Ukiwa na shupaza tano, na wapinzani wakamaliza zao, ile 5 yako ya mwisho hula duru sawa na mfalme.

KIPIMO CHA PILI: DURU ZA HARAKA

Kanuni ya ishirini ina kasoro moja: haiulizi pointi zako ziko wapi. Tazama huu:

Mkono wa tatu
Shupaza: mfalme, ghulamu
Kopa: 9, 7, 5, 4, 2
Uru: malkia, ghulamu
Pau: mfalme, ghulamu, 6, 3

Una pointi 11. Ukiongeza 5 za kopa na 4 za pau, unapata 20, na kanuni inasema fungua. Lakini aina ndefu ya kopa haina hata ghulamu, ilhali malkia na ghulamu wa uru wamekaa wawili peke yao, tayari kumezwa na ree na mfalme wa mpinzani katika duru mbili za mwanzo.

Hapa ndipo mtindo wa Culbertson, uliodhaniwa umezikwa, unaporudi. Duru za haraka ni zile unazotarajia kula mapema, yeyote awaye mwenye mkataba. Ree na mfalme wa aina moja ni duru mbili. Ree na malkia ni moja na nusu. Ree pekee ni moja, na mfalme na malkia pamoja ni moja. Mfalme mwenye karata nyingine ya kumlinda ni nusu.

Wengi sasa huongeza duru hizi juu ya hesabu ya awali na kudai jumla ya 22. Mkono wa kwanza una duru moja tu ya haraka, nusu kwa kila mfalme: 19 na 1 ni 20. Wa pili una mbili, ree ya shupaza pamoja na mfalme na malkia wa kopa: 20 na 2 ni 22, umefika barabara. Wa tatu una moja: 20 na 1 ni 21, umekosa. Pita.

KIPIMO CHA TATU: THAMANI YA KWELI YA REE

Hesabu ya 4, 3, 2 na 1 ni rahisi kukumbuka, lakini si sahihi kabisa. Uchambuzi wa migao mingi, hasa tangu kompyuta zilipoanza kutumika, umeonyesha kwamba ree inapunjwa, ilhali malkia na ghulamu wanapendelewa. Kipimo kimoja kilicho karibu zaidi na ukweli huipa ree 4.5, mfalme 3, malkia 1.5, ghulamu 0.75, na kumi 0.25. Jumla ya kila aina hubaki 10.

Kwa kipimo hiki, ule mkono wa kwanza uliojivunia pointi 12 huporomoka hadi 10.5. Wa pili, uliodharauliwa, hupanda kutoka 10 hadi 10.25. Tofauti ya pointi mbili imebaki robo, na hapo bado hatujahesabu urefu wa aina.

Si lazima mchezaji afanye hesabu za sehemu akiwa mezani. Inatosha akumbuke mambo matatu. Mkono usio na ree upunguziwe pointi moja. Mfalme, malkia au ghulamu aliyekaa peke yake, au wawili wasio na mlinzi, ashukiwe. Nazo kumi na tisa zikiandamana na karata kubwa katika aina ndefu, zihesabiwe kuwa baraka. Haba na haba hujaza kibaba.

KIPIMO CHA NNE: KARATA ZINAZOPOTEA

Njia ya mwisho hugeuza swali. Badala ya kuuliza utakula ngapi, uliza utapoteza ngapi. Katika kila aina tazama karata tatu za juu tu. Hesabu hasara moja kwa kila ree, mfalme au malkia asiyekuwepo. Aina yenye karata mbili haiwezi kupoteza zaidi ya mbili. Yenye moja haipotezi zaidi ya moja. Na usipokuwa na aina fulani kabisa, hupotezi kitu.

Mkono wa kwanza hupoteza mbili katika kila aina, jumla nane. Wa pili hupoteza mbili za shupaza, moja ya kopa, moja ya uru na mbili za pau, jumla sita. Wa tatu hupoteza moja ya shupaza, tatu za kopa, mbili za uru na mbili za pau, jumla nane.

Mkono wa kawaida wa kufungua hupoteza saba. Wenza wakishapata turufu inayowafaa wote, hujumlisha hasara zao na kuziondoa katika 24. Jibu ndilo idadi ya duru watakazotarajia kula. Saba na saba ni 14, na 24 ukiondoa 14 unabaki na duru 10. Ikumbukwe kuwa kipimo hiki hakifai mkataba wa bila turufu, kwani ufupi wa aina hauna faida pale pasipo na turufu ya kukatia.

UNAFUNGUA NA NINI?

Baada ya kuamua kufungua, kanuni ya jumla ni kutaja aina ndefu zaidi. Ukiwa na mbili za karata tano tano, taja iliyo juu kwa ngazi, ili uweze kutaja ya chini baadaye bila kupandisha mnada.

Hapa mifumo hutofautiana. Katika mfumo wa Kimarekani, anayesema "moja kopa" au "moja shupaza" anaahidi karata tano za aina hiyo, na "moja bila turufu" ni mkono tambarare wa pointi 15 hadi 17. Katika Acol, mfumo wa Kiingereza uliozaliwa London miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara ya Acol, karata nne hutosha, na "moja bila turufu" ni pointi 12 hadi 14.

Tofauti hii si ndogo. Ule mkono wa kwanza uliomwaibisha mwandishi, mchezaji wa Acol angeweza kuufungua kwa "moja bila turufu" bila lawama, kwa kuwa mwenza wake tayari anajua ahadi ni ndogo na umbo ni tambarare. Kosa la Njiru lilitokana na kusema neno ambalo mwenza alilielewa kuwa kubwa kuliko mali iliyokuwepo.

Mikono mikubwa sana, ya pointi 22 au zaidi, hufunguliwa kwa "mbili pau" katika mifumo mingi. Neno hilo halihusiani na pau hata kidogo. Ni ishara tu ya kumwambia mwenza asipite, hata kama hana kitu.

KITI NA HATARI

Mkono mmoja unaweza kustahili kufunguliwa katika kiti kimoja na kutupwa katika kingine. Anayeanza mnada, na anayemfuata, wapime kwa ukali, kwa kuwa wenza wao bado hawajasema lolote na watawaamini kikamilifu. Wa tatu, baada ya wawili kupita, anaweza kufungua kwa pointi 10 au 11 akiwa na aina nzuri. Mwenza wake amekwisha kupita, hivyo hataupandisha mnada mno. Tena atajua karata gani ya kutoa wapinzani wakichukua mkataba.

Wa nne ana uhuru wa pekee. Watatu wakipita naye akapita, mgao hufutwa na hakuna anayepoteza. Basi afungue tu anapotarajia faida. Kipimo chake ni kuongeza idadi ya shupaza zake kwenye pointi: jumla ikifika 15, afungue. Mwenye pointi 11 na shupaza nne ana 15, na afungue. Mwenye pointi 12 na shupaza moja ana 13, na apite. Sababu ni kwamba shupaza ndiyo aina ya juu. Asiyekuwa nayo anawafungulia wapinzani mlango wa kumpita kwa dau la ngazi ile ile.

Kuna pia suala la hatari. Jozi iliyo hatarini hulipa pointi 100 kwa kila duru iliyokosa, ilhali isiyo hatarini hulipa 50. Lakini zawadi ya kutimiza mkataba mkubwa nayo huwa 500 badala ya 300. Mpinzani akiona umekosea, anaweza kuuongeza mkataba maradufu, na adhabu hupanda kwa kasi.

UDHAIFU UNAOTANGAZWA KWA MAKUSUDI

Si kila kufungua ni kutangaza utajiri. Tazama:

Mkono wa nne
Shupaza: mfalme, malkia, ghulamu, 10, 8, 6, 3
Kopa: 5, 2
Uru: 9, 4, 3
Pau: 7

Pointi ni sita tu, na mkono huu hauwezi kuzuia chochote katika aina nyingine tatu. Lakini shupaza zikiwa turufu, unakula duru sita kwa yakini. Unapoteza ree peke yake. Mchezaji asiye hatarini huufungua kwa "tatu shupaza", akiruka ngazi mbili kwa makusudi. Wapinzani, ambao huenda ndio wenye mali, hujikuta wakianza mazungumzo yao juu sana, bila nafasi ya kuelewana.

Mpaka wa ujasiri huu umewekwa na kanuni ya kale ya mbili na tatu. Usiyekuwa hatarini unaweza kunadi duru tatu zaidi ya unazozishika. Uliye hatarini, mbili tu. Hesabu haikuchaguliwa kwa bahati. Kukosa duru tatu zilizoongezwa maradufu ukiwa nje ya hatari hugharimu 500, na kukosa mbili ukiwa hatarini hugharimu 500 vile vile. Kwa mkono wa nne, sita na tatu ni tisa, nazo ndizo duru za "tatu shupaza". Ukiwa hatarini, sita na mbili ni nane, basi usivuke "mbili shupaza".

Jambo la kuzingatia ni kwamba hata udhaifu huu ni ahadi. Mwenza anayesikia "tatu shupaza" anajua kuwa mkono ni mnyonge na turufu ni ndefu. Anayelisema neno hilo akiwa na pointi 15 amemdanganya mwenza wake sawa na yule aliyefungua kwa malkia waliotawanyika.

NENO LISILO NA SIRI

Wanaoupenda mchezo huu barani Afrika humkumbuka Omar Sharif, mwigizaji wa filamu kutoka Misri aliyefariki mwaka 2015, ambaye kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa briji duniani na aliandika safu za magazeti kuuhusu. Shirikisho la Briji Duniani liliundwa mwaka 1958, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua mwaka 1999. Mwaka 2018 briji ilishindaniwa medali katika Michezo ya Asia mjini Jakarta.

Katika mashindano ya ngazi zote, sheria moja haibadiliki: makubaliano ya jozi si siri. Mpinzani ana haki ya kuuliza neno la mnada lina maana gani, na lazima ajibiwe kweli. Wenza huzungumza kwa madau na karata pekee. Si kwa macho, vidole wala kikohozi. Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia mjini Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walituhumiwa kuonyeshana idadi ya kopa kwa vidole vilivyoshika karata. Walikana, na mabishano juu ya kesi hiyo yaliendelea kwa miongo kadhaa. Tuhuma tu ilitosha kutia doa jina la jozi iliyokuwa miongoni mwa bora kabisa.

Hapa ndipo briji inapoachana na sifa mbaya inayoziandama karata mitaani. Wengi wakiona karata mezani hufikiria kamari, na mzazi wa Njiru ana sababu ya kuhofu, kwani ameona mishahara ikiishia huko. Lakini mchezo huu hauhitaji senti mezani ili uwe na uzito. Kinachowekwa rehani ni neno la mtu mbele ya mwenzake.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Anayefungua mnada amekopa imani ya mtu asiyeziona karata zake. Akipima vizuri, analipa. Akijipendelea kwa pointi moja hapa na nyingine pale, deni hulipwa na mwingine.

Wiki chache baada ya karamu ile ya sufuria tupu, mwandishi alipewa tena mkono tambarare wa pointi 12 usio na ree. Aliutazama kwa muda, akahesabu 19, akasema, "Napita." Mwalimu alikuwa na pointi nane. Wapinzani walichukua mkataba wa "mbili kopa", wakakosa duru moja.

Mwalimu hakusema neno. Alichanganya karata, akamsogezea mwandishi akate, na wakaendelea.